Mtoto ana homa: mfumo upi wa alama utamwonyesha aliye hatarini?

Joto ndilo jambo la kwanza kuandikwa kwenye kadi ya mtoto mwenye homa, na mara nyingi ndilo linalosaidia kidogo zaidi kujua nani yuko hatarini. Mtoto wa miaka mitatu mwenye nyuzi 40 anaweza kuwa chini ya benchi akinyang'anyana mpira na mwenzake. Mwingine ana nyuzi 37.8 tu, amelala begani kwa mama yake, kimya kupita kiasi, na bakteria wameshaingia kwenye damu. Mifumo ya alama za tahadhari ilibuniwa kwa ajili ya huyu wa pili, ili asifichwe na kelele za yule wa kwanza.

Shida ni kwamba mifumo yenyewe imekuwa mingi. Nawaandikia wauguzi, matabibu na wakuu wa wodi walioambiwa "chagueni mmoja tuanze nao", na sasa chati tano ziko mezani. Mzazi naye anaweza kusoma, ila asianze kumpa mwanawe alama nyumbani. Yanayomhusu yako mwishoni.

Vigezo kwanza

Mifumo yote nimeiuliza maswali manne.

La kwanza: unajibu swali gani? Hapa ndipo wengi hujikwaa. Nani aonwe kwanza kwenye foleni, nani apewe rufaa na nani arudi nyumbani, nani kati ya waliolazwa atazidiwa usiku wa leo, nani yuko karibu na kifo: hayo ni maswali manne mbalimbali. Mfumo uliotengenezwa kwa swali moja ukiulizwa jingine hujibu ovyo, tena hujibu kwa tarakimu, na tarakimu ina tabia ya kuaminika.

La pili ni unahitaji nini: vifaa, dakika, mafunzo. La tatu ni unakosea upande upi, yaani unapiga kengele bure au unanyamaza pasipofaa kunyamaza. La nne ni unamfaa nani.

Kuhusu hilo la tatu, tupige hesabu kidogo. Chukua mfumo unaonasa watoto 9 kati ya 10 wenye ugonjwa hatari, na unaowashtukia bure 2 kati ya kila 10 wasio nao. Upeleke kwenye kliniki ambako kati ya watoto 1,000 wenye homa, walio na ugonjwa hatari ni 10. Utawanasa 9, na utawashtukia bure 198. Kengele 207, za kweli 9. Sasa uhamishie mfumo uleule kwenye hospitali ya rufaa ambako kati ya 1,000, walio hatarini ni 100: kengele 270, za kweli 90. Mfumo haukubadilika hata nukta. Waliobadilika ni watoto waliowekwa mbele yake. Ukisikia hospitali inausifu mfumo wake, uliza kwanza wagonjwa wake hutoka wapi na wamechujwa na nani kabla ya kufika.

Dalili za hatari za IMCI

*Swali lake.* Je, mtoto huyu atibiwe hapa au aende hospitali sasa hivi? Mkakati huu wa WHO na UNICEF wa kutibu magonjwa ya utotoni kwa pamoja (Integrated Management of Childhood Illness) ulianza katikati ya miaka ya 1990, kwa watoto wa miezi 2 hadi miaka 5. Wachanga zaidi wana chati yao. Hakuna kujumlisha. Hawezi kunywa wala kunyonya. Anatapika kila anachopewa. Amepata degedege katika ugonjwa huu au analo sasa. Amelegea mno au hana fahamu. Moja tu ikiwepo, inatosha. Homa ikiambatana na mojawapo, au na shingo iliyokakamaa, mtoto anahesabiwa kuwa na ugonjwa mkali sana wa homa: anapewa dozi za kwanza, analindwa sukari isishuke, anaondoka kwa rufaa.

*Unahitaji nini.* Kipimajoto, saa yenye mshale wa sekunde, na subira ya kumsikiliza mama. Pumzi zihesabiwe dakika nzima mtoto akiwa ametulia. Pumzi 50 au zaidi kabla ya kutimiza mwaka, au 40 na zaidi baada ya hapo, ni upumuaji wa kasi. Anayezidisha mara mbili hesabu ya sekunde 30 anajidanganya, kwa sababu watoto hupumua kwa vipindi visivyolingana.

*Unakosea wapi.* Dalili hizi zinaonekana wazi, na ndiyo nguvu yake. Lakini baadhi huonekana zikiwa zimechelewa. Mtoto asiyeweza tena kunyonya ugonjwa umeshamfikisha mbali. Pia majibu ya mama hutegemea ulivyouliza. "Anatapika?" huzaa "ndiyo" nyingi. Mpe mtoto maji mbele yako, utazame yanakaa au yanarudi. Na kwa kuwa jibu ni ndiyo au hapana, mfumo huu haukuambii kama mtoto anapanda au anashuka.

*Unamfaa nani.* Kituo cha ngazi ya kwanza chenye mtoa huduma mmoja au wawili, watoto wengi, na maabara ndogo au hakuna kabisa.

Taa tatu za NICE

*Swali lake.* Kuna uwezekano gani kwamba homa hii inaficha ugonjwa hatari? NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, iliutoa mwongozo huu mwaka 2007, ikaupitia tena 2013 na 2019. Unahusu watoto chini ya miaka 5. Hapa pia hakuna jumla. Unatazama makundi matano (rangi ya ngozi, uchangamfu, upumuaji, mzunguko wa damu na maji mwilini, na mengineyo), kisha unachukua taa ya juu kabisa uliyoikuta: nyekundu ni hatari kubwa, njano ya kati, kijani ndogo.

Nyekundu ni pamoja na mtoto aliyepauka, mwenye mabaka au rangi ya majivu, asiyeamka, au akiamshwa hakai macho, mwenye kilio dhaifu, chembamba au kisichokoma, anayeguna kila anapotoa pumzi, mwenye pumzi zaidi ya 60, kifua kinachobonyea ndani, utosi uliotuna, vipele visivyofifia ukivibonyeza kwa bilauri. Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye nyuzi 38 au zaidi ni mwekundu moja kwa moja, hata akikuchekea.

Njano ndiyo yenye mambo mengi: asiyecheka, anayehitaji kuamshwa kwa muda, mianzi ya pua inayotanuka, oksijeni ya asilimia 95 au chini, damu inayochukua sekunde 3 au zaidi kurudi baada ya ngozi kubonyezwa, kinywa kikavu, mkojo kidogo, homa ya siku 5 au zaidi, mapigo ya moyo zaidi ya 160 kabla ya mwaka mmoja, 150 hadi miaka miwili, 140 hadi mitano.

*Unahitaji nini.* Kipima oksijeni, jedwali la mapigo ya moyo kwa umri, na jicho lililowahi kuona watoto wengi. "Anaonekana mgonjwa kwa mtaalamu" ni kipengele halali cha taa nyekundu. Ni kipengele cha busara sana, na hakifundishiki kwa semina ya siku moja.

*Unakosea wapi.* Njano imetanda mno. Homa yenyewe hupandisha mapigo ya moyo, takriban 10 kwa dakika kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo mtoto mwenye mafua na nyuzi 39.5 anaweza kuingia njano kwa joto lake tu. Kituo chenye foleni kikitaka kumchunguza kila mwenye njano, kitakesha. Upande wa pili, kijani si cheti cha afya. Utafiti wa hospitali moja ya watoto Australia, uliochapishwa 2013, ulionyesha kuwa taa hizi ziliwaacha watoto wengi wenye maambukizi ya njia ya mkojo wapite bila kugunduliwa. Haishangazi: ugonjwa huo haubadilishi rangi ya ngozi wala pumzi. Dawa yake ni rahisi, pima mkojo wa mtoto mdogo ambaye chanzo cha homa yake hakionekani.

Kipengele cha rangi kina mtego wake. Kwenye ngozi nyeusi, kupauka na ubluu havionekani shavuni. Tazama viganja, ulimi, ndani ya midomo na ndani ya kope za chini. Hata kipima oksijeni chenyewe huelekea kuonyesha namba ya juu kuliko ukweli kwa mwenye ngozi nyeusi, basi 95 isikupe usingizi kama mtoto anahangaika.

*Unamfaa nani.* Daktari au muuguzi anayewaona watoto mmoja mmoja, mwenye maabara karibu na njia ya kumwita mtoto arudi kesho.

PEWS

*Swali lake.* Kati ya watoto waliokwisha kulazwa, ni nani anayezorota? Soma swali hilo mara mbili. PEWS (Paediatric Early Warning Score, yaani alama za tahadhari ya mapema kwa watoto) haikutengenezwa kumtambua mwenye ugonjwa hatari mlangoni. Ilitengenezwa kumnasa aliye kitandani kabla hajazidiwa. Inavyopachikwa kwenye vyumba vya wagonjwa wa nje, naona imetumwa kazi isiyo yake.

Tena PEWS ni ukoo mzima, si mfumo mmoja. Ule wa Brighton wa mwaka 2005 una maeneo matatu, yaani tabia, mzunguko wa damu na upumuaji, kila moja 0 hadi 3, na nyongeza chache. Ule wa Toronto, Bedside PEWS wa mwaka 2009, una vipengele saba na hufika 26. Uingereza ilizindua chati ya taifa mwaka 2023, na ndani yake wasiwasi wa mzazi umepewa nafasi yake. "Alama 5" ya hospitali moja, basi, si "alama 5" ya nyingine. Ukipokea mgonjwa wa rufaa mwenye alama, uliza ni za chati ipi.

*Unahitaji nini.* Muuguzi wa kupima kila baada ya saa chache, usiku na mchana. Chati za umri tofauti. Na zaidi ya vyote, mtu wa kuitwa ambaye akiitwa anakuja. Kuna chati ambazo watoto wote wa wodi wanapumua mara 24 kwa dakika kuanzia saa sita usiku hadi alfajiri. Aliyewahi kufanya zamu ya usiku anajua maana yake: hakuna aliyehesabu.

*Unakosea wapi.* Utafiti mkubwa uitwao EPOCH, uliochapishwa 2018, ulijaribu Bedside PEWS katika hospitali 21 za nchi saba. Vifo havikupungua kwa kiasi cha maana. Matukio ya mtoto kufikishwa chumba cha wagonjwa mahututi akiwa amechelewa ndiyo yaliyopungua. Wapo waliosoma matokeo hayo wakasema PEWS haifai. Nadhani wameharakisha: hospitali zile tayari zilikuwa na vifaa na watu, na vifo vya watoto vilikuwa vichache tangu mwanzo. Lakini pia hakuna ruhusa ya kutangaza kwamba kubandika chati ukutani kutaokoa maisha. Kosa jingine ni la jumla yenyewe: mtoto anaweza kuwa na sifuri kila mahali isipokuwa eneo moja lililo baya kabisa, na jumla ikaonekana ya wastani. Chati nzuri huwa na kanuni ya kuita daktari kwa alama 3 ya eneo moja, bila kungoja jumla.

*Unamfaa nani.* Wodi yenye wauguzi wa kutosha kupima kwa ratiba, na utaratibu ulioandikwa: alama hii, anaitwa huyu, ndani ya dakika kadhaa.

LODS

*Swali lake.* Ni nani kati ya hawa anaweza kufa? Jina (Lambaréné Organ Dysfunction Score, alama za viungo kushindwa kufanya kazi) limetokana na Lambaréné, mji wa Gabon, na mfumo ulitokana na watoto waliolazwa kwa malaria kali barani Afrika. Una mambo matatu tu, alama moja kila moja: kukosa nguvu za kukaa bila kushikiliwa (au kunyonya, kwa asiyefikia umri wa kukaa), kupoteza fahamu, na kupumua kwa kina kama mtu aliyetoka kukimbia ilhali mapafu hayana shida. Hiyo ya tatu ni ishara kwamba tindikali imezidi mwilini.

*Unahitaji nini.* Macho, na sekunde chache.

*Unakosea wapi.* Kila alama inayoongezeka, uwezekano wa kifo unapanda. Hiyo ndiyo kazi yake, na unaifanya kwa gharama ndogo ajabu. Ila sifuri ya LODS haimaanishi mtoto mzima: mwenye homa ya uti wa mgongo ya siku ya kwanza anaweza kukaa wima, macho yamefunguka, akipumua kawaida. Mfumo uliozaliwa na malaria pia usichukuliwe kama umethibitishwa kwa kila homa ya kila mahali.

*Unamfaa nani.* Mapokezi ya hospitali yenye msongamano na vitanda vichache, ambako lazima uamue nani alale karibu na meza ya muuguzi.

LqSOFA

*Swali lake.* Ni nani kati ya wenye homa waliofika idara ya dharura atahitaji chumba cha wagonjwa mahututi? Ulitoka Liverpool, Uingereza, mwaka 2020, na L ya jina lake ni ya mji huo. Vipengele vinne, alama moja kila kimoja: mapigo ya moyo yaliyozidi umri, pumzi zilizozidi umri, damu kuchukua sekunde 3 au zaidi kurudi, na mtoto asiye macho kikamilifu.

*Unahitaji nini.* Saa, jedwali la umri, kidole cha kubonyeza. Hakuna maabara.

*Unakosea wapi.* Umejengwa juu ya tukio adimu, kwa hiyo unawaacha wengi ambao ni wagonjwa kweli lakini hawatafika huko. Nimonia inayohitaji antibayotiki inaweza kupata sifuri au moja.

*Unamfaa nani.* Idara ya dharura inayotaka namba ya haraka wakati wa kupanga foleni, mtoto akichunguzwa vizuri baadaye.

Hapa niweke neno pembeni, kwa sababu kipimo cha damu kurudi kimo karibu kila mahali na mkono wa mtaalamu hukimbilia dripu akikiona kibaya. Utafiti wa FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu, ulionyesha mwaka 2011 kwamba kuwamiminia maji mengi ya mshipa kwa haraka kuliongeza vifo. Alama inakuambia mtoto yuko hatarini. Haikuambii umpe nini.

Niliyoiacha

Kipimo cha Yale cha 1982, chenye vipengele sita kama aina ya kilio na namna mtoto anavyomwitikia mzazi, ndicho kilichofundisha kizazi kizima kutazama mtoto kabla ya kumgusa. Kinabaki somo zuri. Alama za Phoenix za mwaka 2024 zinahitaji vipimo vya damu, na ni za kuthibitisha sepsisi (maambukizi yanapoanza kuharibu viungo vya mwili), si za kuisaka.

Watoto wanaoipita mifumo yote

Mtoto wa chini ya miezi miwili asingoje alama. Umri wake ni dalili, na joto la chini kwake ni baya sawa na la juu. Mwenye utapiamlo mkali anaweza kuwa na maambukizi mazito bila homa kabisa, na ngozi yake ikivutwa hairudi upesi hata kama hana upungufu wa maji. Mwenye selimundu, na yule ambaye kinga yake imeshushwa na dawa au ugonjwa, waonwe mapema hata wakipata kijani.

Kisha kuna yule ambaye joto limeshuka baada ya parasetamoli, na kila mtu chumbani amepumua. Kushuka huko hakutofautishi homa ya virusi na ya bakteria. Kinachosaidia ni kumpima upya akiwa ametulia: mapigo yakibaki juu ilhali joto limeshuka, acha kuilaumu homa.

Ukiwa katika hali hii

Uko peke yako kituoni na hospitali iko mbali: shika dalili za hatari za IMCI, hesabu pumzi kwa dakika nzima, na shusha kizingiti chako cha rufaa kadiri barabara inavyozidi urefu. Ukiwa na kipima oksijeni, kitumie kwa kila anayepumua kwa kasi.

Unaona watoto kwa miadi na una maabara: taa tatu zitakupa lugha moja na wenzako, mradi mkubaliane mapema njano ifanywe nini. Njano isiyo na mpango hugeuka mapambo.

Unapanga foleni ya dharura: LqSOFA au LODS mlangoni, kisha uchunguzi kamili ndani. Kati ya hizo mbili, palipo na malaria kali nyingi na mikono michache ningeanza na LODS. Penye wauguzi wa kuhesabu mapigo na pumzi kwa uhakika, LqSOFA itakuonyesha wengine mapema kidogo.

Unaongoza wodi: PEWS, toleo moja kwa jengo zima. Kabla ya kuchapa chati, fanya jaribio la wiki moja: muuguzi akiita saa nane usiku, nani anakuja na baada ya muda gani? Kama jibu ni "hakuna", fedha za chati ziende kwanza kwenye kutatua hilo.

Alama ziko chini lakini mama anasema "mwanangu hayuko hivi siku zote": mbakize, mpime tena baada ya saa moja au mbili. Wasiwasi wa mzazi, pamoja na hisia ya mtaalamu kwamba kuna jambo haliko sawa, vimeonekana katika tafiti za Ulaya kuwa miongoni mwa ishara zenye uzito.

Na mtoto unayemruhusu arudi nyumbani: mwambie mzazi kwa maneno yake mwenyewe nini kitamrudisha. Akikataa kunyonya au kunywa, akipumua kwa shida, akipata degedege, akitoka vipele visivyofifia chini ya bilauri, akiwa mgumu kuamka, akikaa muda mrefu bila kukojoa, homa ikifika siku ya tano. Mwombe akurudishie aliyoyasikia. Kisha andika kwenye kadi saa ya kuja kutazamwa tena: "kesho saa tatu asubuhi" badala ya "akizidiwa".